Mkono Chini ya Shali

Kwetu Garissa mtu akitajwa tu, swali la kwanza ni ukoo. Wa nani huyo? Baba yake nani, na babu wa baba yake? Wazee hupanda ngazi hiyo hadi wafike mahali wanapokutana naye, ndipo wanaagiza chai. Leo nawanyima raha hiyo. Mwanamke ninayetaka kuwasimulia sitamtaja jina wala ukoo, kwa sababu yeye mwenyewe alipoulizwa alikuwa akijibu, "Mimi ni wa chumba ya mwisho," huku akionyesha upande wa nyuma wa hospitali. Huko, ukishapita wodi na bohari, kulikuwa na chumba kilichotandikwa mikeka ya plastiki na magodoro ya sponji. Sisi watu wazima tulimwita daktari wa mazoezi. Watoto walimwita Eeddo, yaani shangazi, na akiitwa hivyo aliitika haraka zaidi.

Udaktari hakuwa nao, na hakuchoka kutusahihisha. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya kazi, na nusu ya umri wake ilipotea akieleza maana ya maneno hayo. Mama mmoja aliyetoka Liboi na mwanawe mgongoni alimkabili mlangoni. "Tiba ya kazi? Mtoto yangu hata meno haijaisha kutoka, wewe unataka kumwandika kazi?"

"Kazi ya mtoto ni kula," alimjibu. "Ni kuvaa nguo, ni kucheza, ni kushika kalamu. Hiyo kazi ikimshinda, mimi niko."

Nimeandika maneno yake jinsi alivyoyatamka, na nitaendelea hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. P yake mara nyingine iligeuka b, v yake f, na ngeli alizichanganya bila wasiwasi wowote. Mimi ni dalali wa mifugo, nashinda nikibishana na wanunuzi wa Nairobi na Mwingi, kwa hiyo ulimi wangu umenyooka kidogo. Yeye hakujali. "Watoto wananielewa," alisema. "Wewe ukinielewa pia ni sawa, usibonielewa bia ni sawa."

Alikuwa mrefu, mkavu, mtandio wa kahawia na viatu vya mpira, na alitembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Na hapa ndipo ajabu yake inapoanza. Huyu mwanamke aliyesifika mji mzima kwa kuwafundisha watoto kutulia hakuwa na utulivu hata wa kukopesha. Chai aliinywa ikichemka, akiwa amesimama. Simu alikuwa nazo mbili na zote zililia. Mtu wa bohari akimwona tu kwa mbali alianza kutafuta ufunguo, maana alijua sponji zikikosekana, au zile plastiki ngumu za kutengenezea mabanzi ya kunyooshea viungo, hapatakalika. Siku moja nilimsikia tangu langoni, "Wallahi leo nalala hapa mlango yako, na kesho nalala tena!" Plastiki zilipatikana.

Lakini nilimwona pia akitoka kwenye ugomvi ule. Alifika mlangoni pa chumba chake, akaweka kiganja kwenye fremu ya mlango, akasimama. Akavuta pumzi, akaishusha. Akavuta tena. Alipoingia ndani alikuwa na uso mwingine na sauti nyingine. Nilimtania, "Daktari, ile hasira umeiacha wapi?" Akaniambia bila kucheka, "Hapo nje. Nikitoka itanirudia. Mimi nauza kitu ambayo sina, baba ya Hibo, ndio maana najua bei yake."

Mambo ya kutulia aliyatoa kwenye mafunzo Nairobi. Alituhadithia mara nyingi, na kila mara alicheka mwenyewe kabla ya kufika mwisho. Walifundishwa kupiga kengele ndogo ili mtoto aisikilize mpaka mlio upotee. Walifundishwa kula zabibu moja polepole, na kufumba macho huku wakifuatilia pumzi. Akarudi na kengele yake. Alipoipiga mara ya kwanza, watoto wote waligeuka kuangalia mlangoni ngamia aliyevaa kengele yuko wapi. Kengele ikatundikwa ukutani, ikawa pambo. Zabibu akazibadilisha kwa tende. "Itazame. Inuse. Weka kwa ulimi, usitafune bado." Watoto walishamaliza kumeza, wanaomba nyingine. Naye, ili awaonyeshe, alitia yake mdomoni, na kabla hajafunga maneno alikuwa ametema kokwa. Chumba kizima kilivunjika mbavu.

La kufumba macho ndilo alilolisimulia bila kucheka. Alikuwa akienda kambini Hagadera mara kwa mara kuwaona watoto wa huko, na alipowaambia wafumbe macho, msichana mmoja alikataa katakata. Akamuuliza kwa nini. "Nikifumba naona," msichana akasema. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeambiwa na daktari wetu afumbe macho. Macho wazi, alisema. Tazama kitu kimoja tu. Tone la maji linalokusanyika kwenye mdomo wa bomba, au kivuli cha pazia sakafuni, au sisimizi anayebeba chembe ya sukari. Mtoto atazame, apumue, na akipotea arudi. Kupotea si kosa, alisema, kurudi ndiyo kazi.

Na swali lake lilikuwa moja. Mtoto amekaa mbele yake, magoti yao yanagusana, naye anamuuliza, "Uko wapi?"

Niliposikia mara ya kwanza nilidhani anafanya mzaha. Yuko hapa, atakuwa wapi? Lakini alinieleza, akiwa ameshika banzi mkononi na kulisugua kingo. "Mwili ya mtoto iko hapa. Yeye amekwenda. Amerudi kwa moto, ama kwa gari ilianguka, ama kwa siku ile baba aliondoka. Mimi siwezi kunyoosha mkono ya mtu hayuko."

Wapo waliomtilia shaka. Mwalimu wa duksi, yule anayewasomesha watoto wetu Kurani, alisikia kwamba hospitalini kuna watoto wanakalishwa kimya wakitazama maji, akaja mwenyewe kuuliza kama hiyo ni ibada ya watu wengine. Nilikuwepo. Alisimama kizingitini, heshima zake zote, tasbihi mkononi. Daktari hakugombana naye, jambo lililotushangaza sote. Alimpa kiti, akamwambia, "Maalim, ukisimama kuswali, moyo yako huwa wapi?"

Maalim alicheka kidogo ndani ya ndevu. "Ukweli? Siku nyingine huwa sokoni."

"Na unafanya nini?"

"Naurudisha."

"Haye. Na mimi hapa nawafundisha watoto kurudisha. Yangu si swala, maalim, ni hiyo kurudisha tu." Maalim alikunywa chai yake, akaenda zake, na wiki iliyofuata akaleta mjukuu wake aliyekuwa hawezi kushika kalamu.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nisingemjua mtu huyu zaidi ya unavyomjua muuza maziwa wa mtaani.

Binti yangu Hibo aliungua. Alikuwa bado madarasa ya chini. Birika la chai lilipinduka jikoni, akaweka mkono wa kulia kujizuia asianguke, na kiganja kikatua kwenye makaa. Sitaeleza zaidi ya hapo, hata leo sina kifua hicho. Alilala wodini mpaka ngozi ikafunga, tukamshukuru Mungu, tukadhani tumevuka. Kumbe kovu ni kitu kinachoendelea kutembea. Lilianza kukaza. Vidole vikaanza kuingia ndani ya kiganja, kidogo kidogo, mpaka mkono ukawa ngumi isiyofunguka vizuri. Daktari wa upasuaji alitupeleka chumba cha mwisho, na yule mwanamke wa viatu vya mpira aliushika mkono wa mwanangu, akaugeuza, akaniambia waziwazi: kovu hili lisiponyooshwa kila siku, vidole vitafungwa vibaki hivyo.

Nani asiyejua maana yake? Mkono wa kulia ndio wa kula. Ndio wa kusalimia, ndio wa kuandika ubao wa duksi. Mama yangu, Ayeeyo wake Hibo, alijifunika uso kwa mtandio pale pale. "Atakula na ya kushoto mbele ya watu?" akawa anarudia. "Mtoto yangu atakula na ya kushoto?" Nilitaka kumnyamazisha, lakini swali lile lilikuwa langu pia. Nilimwona Hibo mtu mzima, kwenye sinia la harusi, wanawake wengine wakisogeza mikono yao mbali na wake. Nililia nikiwa njiani kurudi sokoni, nikasingizia vumbi.

Kunyoosha kulikuwa mateso. Daktari alipogusa tu kidole, Hibo alipiga kelele ya kuamsha wodi nzima, na mwili wote ukakaza, na ukikaza hakuna kinachonyooka. Ndipo akaanza naye kazi ya kutulia. "Uko wapi, Hibo?"

"Hapa."

"Mkono iko hapa. Wewe uko wapi?"

Hibo alitazama sakafu. "Jikoni."

"Haya. Rudi bole bole. Tazama hii tone. Bumua. Mimi sigusi mbaka urudi."

Na kweli hakugusa. Tulikaa pale, mimi miguu inaniwasha, nina wanunuzi wananisubiri, na mwanamke huyu asiyeweza kukaa na kikombe cha chai anasubiri mtoto arudi kutoka jikoni. Siku ya kwanza hakunyoosha chochote. Niliondoka nimekasirika, nikasema mjini kwamba hospitali wanatupotezea muda. Siku zilizofuata kidole cha shahada kikasogea. Kisha cha kati. Hibo alitazama tone, alipumua, jasho likimtoka puani, na hakulia.

Hakulia! Hebu fikiria furaha yetu. Sisi ni watu tunaosifu anayevumilia. Mtoto wetu akijikwaa haulizwi kama ameumia, anaambiwa ni shujaa. Ayeeyo alikuwa akija na peremende kwenye fundo la mtandio: "Msichana shupavu! Hata halii!" Nami nilimsifu, na akina mama wenzetu walimsifu, wakawaambia watoto wao wamwangalie Hibo. Daktari mwenyewe alimsifu. Alimpa Hibo jina la mwalimu wa darasa, akamkalisha mbele ili wengine waige. Mwanangu alianza kutembea kichwa juu, banzi lake mkononi, mtandio umekaa sawa. Ilikuwa raha kumtazama.

Banzi lile lilikuwa plastiki iliyolainishwa kwa maji moto na kufinyangwa kufuata kiganja, livaliwe usiku na mchana ili vidole visirudi. Mkono wa mtoto unakua, na unavimba joto likizidi, na joto la Garissa mnalijua. Asubuhi moja, tulipotoka mapumziko ya Idi, daktari alilifungua ili anyooshe kama kawaida, na harufu ikatupiga kabla hatujaona. Chini ya kidole gumba, ukingo wa plastiki ulikuwa umekata nyama. Kidonda kirefu, kina usaha, si cha siku moja wala mbili.

Daktari alishusha mkono ule taratibu juu ya paja lake. "Hibo, hii inauma?"

Hibo alitazama bomba.

"Tangu lini inauma? Kwa nini hukuniambia?"

Mwanangu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayelaumiwa kwa kutii. "Ulisema nitulie," akasema. "Nilitazama tone."

Akina mama walikuwepo, Ayeeyo alikuwepo na peremende zake. Daktari wa mazoezi alishuka kwenye kiti, akapiga magoti mkekani mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mtoto. Akasema kwa Kisomali, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wale wasiojua wasikie pia: "Nimekosa, Hibo. Mimi nilikufundisha kunyamaza. Nilidhani nakufundisha kutulia. Nisamehe."

Ayeeyo alikasirika. Mtu mzima hapigi magoti kwa mtoto, alisema, tena mbele ya watu, na mtoto amevumilia, kosa liko wapi? Daktari alimgeukia, na ile hasira yake ya nje safari hii ilikuwa imeingia naye ndani. "Mama, huyu hajavumilia. Huyu ameoza na sisi tunampa beremende!" Kisha akalia, wazi, bila kujifunika. Nami nililia. Sioni aibu kuandika hivyo.

Banzi likaondolewa mpaka kidonda kipone, na katika muda huo tulitazama vidole vikirudi ndani, siku baada ya siku, kazi yote ile ikifutika. Daktari alisitisha mafunzo ya kutulia kabisa. Hakuuliza mtoto yeyote yuko wapi. Alikuwa akifanya mazoezi yake kama fundi anayefunga boliti, na watoto wakapiga kelele kama zamani, naye akawa anasema, "Lieni. Afadhali nisikie." Lakini Hibo hakulia. Kidonda kilipopona na kunyoosha kuanza upya, alikaa macho makavu, meno yamebana, na ukimuuliza kama inauma anasema hapana. Alikuwa amejifunza, na hakuna aliyejua namna ya kumfundua.

Siku hizo ndipo daktari alipokuja sokoni. Alikuja kunieleza kwamba anafikiria kumhamishia Hibo kwa mtu mwingine, hospitali nyingine, kwa kuwa yeye ameshindwa. Alinikuta kazini. Nilikuwa nimesimama kati ya ng'ombe na mnunuzi wa Mwingi, mkono wangu umeshika wake, na juu ya mikono yote miwili nimetupa shali langu. Ndivyo tunavyopatana kwetu. Watu wamejaa pande zote, masikio yamesimama, kwa hiyo bei haitajwi kwa mdomo. Unamshika mwenzako vidole chini ya nguo, kimoja au viwili au ngumi nzima, kila mshiko una maana yake. Huku juu uso unaweza kucheka, kukunjamana, kuapa kwamba unaonewa. Mnunuzi wangu siku hiyo aliangua kicheko na kunipiga bega, na chini ya shali alikuwa ananikatalia.

Tulipomaliza nikamgeukia daktari. Alikuwa amesahau alichokuja kusema.

"Mnaongea nini huko chini?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia sheria yetu, kwamba mdomo wa dalali Mungu ameshauzoea, lakini mkono chini ya shali haudanganyi. Aliyeminya amesema. Ukidanganya huko, sokoni hutapewa mkono tena.

"Na uso?"

"Uso ni wako. Hakuna anayeuliza uso."

Alisimama palepale kwenye samadi, ng'ombe wanampita huku na huku, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akisimama hivyo nje ya chumba chake. Kisha akasema, "Kesho njoo na hiyo shali. Mimi usinishike, mimi si maharimu yako. Utanifundisha kwa mkono ya Hibo."

Kesho yake nilikaa mkekani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikisimama mlangoni na simu. Nilimfundisha binti yangu lugha ya soko, jambo ambalo hakuna baba wa kwetu aliyemfundisha msichana, na Ayeeyo alinitazama kama nimerukwa na akili. Ukishika kidole changu kimoja, inauma kidogo. Viwili, imezidi. Ukishika ngumi yote, basi, daktari anaacha. Uso wako ufanye unavyotaka. Kaa shujaa hata mpaka Wajir. Lakini huku chini, Hibo, ukisema uongo wewe si binti wa dalali.

Alicheka. Ilikuwa muda sijamsikia akicheka.

Daktari alianza na kidole cha shahada cha mkono ule mbaya. Mkono mzuri wa Hibo ulikuwa ndani ya wangu, shali juu. Nilimtazama usoni: macho makavu, uso kama ukuta. Na chini ya shali, taratibu, vidole vidogo vikanishika kidole kimoja. Kisha viwili. Kisha vikazunguka ngumi yangu yote na kuminya, na kuminya, kwa nguvu ambazo sikujua mtoto anazo, na uso bado haujasema kitu.

"Acha," nikasema. "Daktari, acha."

Aliacha mara moja. Na Hibo alipoona kwamba ameacha, kwamba mkono wake umesema na mtu mzima amesikia, alifungua mdomo akalia. Alilia ya siku ile na ya siku zote za nyuma, kichwa kifuani pangu, na daktari alikaa akitazama tu, akimwacha alie mpaka amalize. Halafu akamuuliza kwa upole kama wanaweza kuendelea kidogo. Chini ya shali, kidole kimoja.

Tulikwenda hivyo msimu mzima. Mimi niliyeishi kwa maneno nilikaa kimya kila asubuhi nikisikiliza vidole, na niseme ukweli, kama kuna kutulia nilikokujua maishani ni kule. Huwezi kufikiria bei ya mbuzi huku mtoto anakuambia maumivu yake kwa mkono. Ukipotea kidogo tu, umekosa neno. Daktari alirudisha tone lake la maji na pumzi zake na swali lake, lakini sasa swali lilikuwa na la pili: "Uko wapi? Na huko uliko inauma kiasi gani?" Akina mama wakaanza kushika mikono ya watoto wao chini ya mitandio, kila mmoja na mshiko wake wa nyumbani. Ukiingia chumba cha mwisho ungedhani ni soko la mifugo bila mifugo.

Hakujisifu kwa hilo. Mtu akimsifu alibadilisha mada au alianza kuuliza habari za sponji. Na tabia hakuibadilisha hata chembe. Alitukana dereva wa gari la hospitali mpaka mwisho, chai aliendelea kujiunguza nayo.

Mkono wa Hibo ulifunguka. Si wote. Kidole cha mwisho kilibaki kimepinda, hakikurudi tena kutoka zile siku za kidonda. Lakini anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa mkono wa kulia, na Ayeeyo alifariki akiwa ameliona hilo kwa macho yake.

Daktari alistaafu, akaondoka mjini bila sherehe. Mara ya mwisho kumwona ni majuzi, Eldas, nilikokwenda kutafuta wanyama. Nilisikia yuko kwa dada yake, nikaenda kumjulia hali. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye mkeka kivulini pembeni ya zizi, mtandio uleule wa kahawia au ndugu yake. Kwetu salamu ni ndefu, unauliza watu, wanyama, mvua, ukimaliza unaanza tena. Yeye aliikata katikati.

"Kidole?"

"Bado kimepinda. Lakini anakitumia, alhamdulillahi. Yuko chuo Nairobi."

Aliitikia kwa kichwa. "Hiyo kidole ni yangu," akasema.

Nikaanza kumtuliza, maana maneno ndiyo biashara yangu. Nikamwambia asijilaumu, ni kadari, bila yeye mkono wote ungepotea. Aliniinulia kiganja. "Usinitulize, baba ya Hibo. Inaniuma kidogo, wacha iniume. Sitakufa."

Kwa hiyo nikampigia Hibo simu, nikaweka sauti kubwa. Akapokea na Sheng yake ya Nairobi, "Aabo, niko class, unasemaje?" Nikamwambia yuko nani hapa. Upande wa pili sauti ikabadilika. "Eeddo?"

"Mama yangu. Mkono iko aje?"

Kila mtu kwetu anajua jibu la swali hilo. Hata aliye kitandani anakufa hujibu nzuri, alhamdulillahi, ndipo mazungumzo yaende mbele. Nami nilimngojea aseme hivyo, kwa mzee huyu ambaye hajamsalimia miaka na miaka.

"Si mzuri, Eeddo," Hibo akasema. "Huku baridi ni kali. Hicho kidole cha mwisho kinaniuma sana. Asubuhi hakiamki kabisa, na nikiandika kwa muda mrefu maumivu yanapanda mpaka huku juu."

Aibu ilinishika. Nilinyoosha mkono nichukue simu, nimkumbushe adabu. Daktari wa mazoezi aliusukuma mkono wangu pembeni. Alikuwa analia, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kwa furaha, akaisogeza simu karibu na sikio kama mtu anayeogopa kupitwa na neno.

"Endelea, mama," akasema. "Sema yote."

Na binti yangu akasema yote.